Hapa Mtamtunza Wapi?

Mipango ya zamani ya Nairobi haikuhesabu nyumba, ilihesabu vitanda. Wakoloni walipoandika kuhusu uhaba wa makao ya Waafrika mjini, waliuandika kwa nafasi za kulala: zinahitajika ngapi, zimejengwa ngapi, zimebaki ngapi. Kitanda kimoja, mfanyakazi mmoja. Jiko ni la kugawana, choo ni cha kugawana, bomba liko nje. Mwenye kitanda anatarajiwa kuamka alfajiri, ashike njia ya reli au Industrial Area, arudi jioni, alale, aamke tena. Siku asipoweza kuamka haikuwa kwenye hesabu.

Ama tuseme ilikuwepo, lakini jibu lake lilikuwa nje ya ramani ya mji. Arudi rizavu. Mwanaume aliyekuja Nairobi enzi hizo alivaa kipande shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani ya kile kidude cha bati kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi mwajiri aliandika siku ulipoanza kazi na siku ulipoacha. Ukiwa huna kazi, huna haki ya kuwa mjini. Mshahara nao ulipangiwa mtu mmoja, kwa hoja kwamba mke, watoto, wazee na wagonjwa wanalishwa na shamba. Ilichukua hadi 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ikakiri kwamba mshahara wa kapera hautoshi, na kwamba mfanyakazi wa mjini alipwe kama mtu mwenye familia. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Operesheni Anvil ilizoa maelfu ya watu kutoka mitaa hiyohiyo ikawatupa kambini. Serikali moja, mwaka mmoja. Sijui walikuwa wanaongea wao kwa wao.

Naanza na vitanda kwa sababu kuna swali ambalo limenisumbua tangu 2019: kwa nini mtu wa Eastlands akiumia kichwa, asipokufa, neno la kwanza kutoka kwa jamaa zake ni "ushago"?

Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wazee wa huko hulitoa jina lake kwenye kupumua, yaani pahali pa kutua mzigo uvute hewa. Pale, na katika kijiji cha Pangani kabla hakijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu kuhamishiwa Shauri Moyo, kulikuwa na wanawake wenye nyumba zao wenyewe. Mwanahistoria Luise White aliandika habari zao katika kitabu cha 1990, The Comforts of Home, kinachohusu umalaya katika Nairobi ya ukoloni. Wengi hukumbuka tu hiyo sehemu ya umalaya. Mimi kilichonishika ni orodha ya vitu vingine ambavyo wanawake hao waliuza: maji moto ya kuoga, chai ya asubuhi, chakula, mazungumzo, pahali pa kuketi kama mtu. White anasema kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha mfanyakazi kurudi kazini kesho yake. Naongeza langu, na ni dhana tu: kama kuna mtu aliyepigwa rungu la kichwa usiku mmoja karibu na Kariokor, akaamka hajui ni siku gani, akabahatika kutorudishwa rizavu, basi aliyemnywesha uji alikuwa mmoja wa wamama hawa.

Hospitali hazikuwa upande wetu. Hospitali kubwa ya Eastlands ilikuwa ya kuzaliwa, Pumwani, iliyoanzishwa 1926 kwa jina la Lady Grigg. Ukitaka kupona unavuka mji mzima hadi kule juu, kwa hospitali iliyoanza 1901 kama ya wenyeji, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita 1952, ikawa Kenyatta 1964. Mama Lucy Kibaki ilikuja miaka ya 2010. Kwa karibu karne nzima mtu wa Maringo alizaliwa karibu na kwao na kutibiwa mbali.

Sasa tuje kwa ubongo wenyewe, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu hadithi hii bado hunikasirisha. Mtu aliyekuwa na sauti kubwa kabisa duniani kuhusu ubongo wa Mwafrika alikuwa akifanya kazi Mathari, kando ya bonde, si mbali na Pumwani. Mathari ilifunguliwa 1910 kama hospitali ya wenye wazimu. Mwaka 1938 ikakabidhiwa daktari mmoja, J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo. Aliisimamia hadi 1950. Mwaka 1951 alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika, na hoja yake kwa ufupi ni hii: Mwafrika mzima, asiye na ugonjwa wowote, ana tabia zinazofanana na za Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo ya ubongo. Hapangi mambo, hajizuii, hawazi ya kesho. Wangemcheka, lakini hapana. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu akili za Mau Mau. Frantz Fanon alimshambulia kwa jina mwaka 1961, na alistahili.

Ubaguzi wa Carothers umeshaandikwa na wengi. Kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa sana. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo mojawapo ya zile zinazoumia zaidi mtu akianguka ama akigongwa kichwa, kwa sababu ubongo husukumwa ukakwaruzana na mifupa iliyo nyuma ya paji la uso. Mtu anapona kidonda, anatembea, anaongea, lakini hasira zinamtoka bila breki, hawezi kuanza jambo akalimaliza, anakaa tu. Mfikirie fundi wa reli wa mwaka 1951 aliyeangukiwa na chuma. Mkewe anasema, huyu si yule niliyeolewa naye. Hamalizi anachoanza, anapiga watoto, pesa zinamwisha siku ya mshahara. Daktari aliyeamini makala ya Carothers angeona nini? Angeona Mwafrika wa kawaida. Jeraha lingekuwa mbele ya macho yake na asilione, maana ameshaambiwa hivyo ndivyo walivyo.

Na huku kulikuwa na Wakenya waliokuwa wakilichukulia jeraha la kichwa kwa uzito mkubwa kabisa. Huko Gusii kuna utaalamu wa kupasua fuvu unaorithishwa ndani ya familia. Mtaalamu huitwa omobari omotwe. Mgonjwa wake wa kawaida si yule aliyepasuliwa kichwa leo, ni yule aliyegongwa zamani na maumivu yakakataa kuisha. Omobari hukata ngozi, akakwangua mfupa polepole, akasafisha, akafunga. Edward Margetts, daktari Mkanada aliyefanya kazi Mathari miaka ya 1950, baada ya Carothers, aliutazama utaalamu huo na kuuandika katika utafiti uliochapishwa 1967. Sisemi mtu aende akakwanguliwe fuvu. Hatari yake inajulikana. Ninachosema ni kwamba pale Gusii, mtu akisema "kichwa hakijapona" miaka miwili baada ya kugongwa, aliaminiwa.

Mwaka huohuo wa 1967 Renato Ruberti, Mwitaliano, alianza kazi Nairobi kama daktari wa upasuaji wa ubongo. Mkenya wa kwanza katika fani hiyo, Gerishom Sande, alirudi kutoka masomoni Belfast mwaka 1979. Katikati ya hapo, 1974, madaktari wawili wa Glasgow, Teasdale na Jennett, walitoa kipimo chao cha kuzimia: macho, maneno na miondoko ya viungo, unajumlisha, unapata nambari kati ya 3 na 15. Ni kipimo rahisi, hakihitaji stima wala mashine, na leo kinatumika kila hospitali hapa kwetu. Familia nyingi Eastlands hazijui kipimo chenyewe lakini zinajua nambari. "Alikuwa sita." "Wetu alifika nane." Zinatajwa kama alama za mtihani.

Barabara nazo zilikuwa zinaleta wagonjwa. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba watu bila leseni ya uchukuzi, na Jogoo Road, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, haijapoa tangu siku hiyo. Februari 2004 Michuki alileta mikanda na vidhibiti mwendo, na kwa muda tukaketi kama watu. Kisha 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na nduthi zikamwagika. Zilileta kazi kwa vijana wengi sana, siwezi kuzilaani. Lakini helmeti ya abiria, kama ipo, mara nyingi inaning'inia kwa mkono wa usukani.

Kaka yangu hakuwa na helmeti. Ilikuwa 2019, Outering, jioni, alikuwa abiria. Ana kazi ya kushona viti vya matatu Kariobangi Light Industries, na alikuwa anarudi kwetu Jericho. Alikuwa nane. Walitoa damu iliyoganda chini ya fuvu, akalala wiki kadhaa, akafungua macho, akaongea, akatutambua wote. Kisha hospitali, ambayo jina lake naliacha, ikatuambia kitanda kinahitajika. Tukapewa dawa, karatasi ya kliniki, na maneno "mambo yatarudi polepole." Hakuna aliyetuambia mambo gani, wala yatarudi kwa nani.

Jumapili iliyofuata jamaa walikutana kwetu. Baba mdogo, aliye mkubwa kwa watu wa baba yangu tangu marehemu atuache, alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, mgonjwa ni wa nyumbani. Hapa mtamtunza wapi?"

Mathe alikuwa anamimina chai. "Nyumbani ni wapi? Huyu alizaliwa Pumwani."

"Najua. Lakini ushago kuna hewa. Kuna nafasi."

"Na nani?"

Baba mdogo akanyamaza kidogo. "Si mama yuko."

Shosh wakati huo alikuwa na miaka sabini na nane na goti moja zima.

Nimefikiria hayo maneno mara nyingi. Baba mdogo si mtu mbaya, na pesa alitoa kuliko wote. Alikuwa anarudia tu sera ya mwaka 1920 bila kujua ni sera. Nyumba ya vyumba viwili, ukuta mmoja na jirani, ni ya watu wanaoamka na kutoka. Anayebaki ndani mchana ni tatizo la nafasi. Kwa hivyo anatumwa "nyumbani", na ukiuliza nyumbani kuna nini ambacho hapa hakuna, utaambiwa hewa, lakini ukiuliza tena utaambiwa jina la mwanamke. Rizavu haikuwahi kuwa hospitali. Ilikuwa ni mama za watu, wake zao na dada zao, wakifanya bure kazi ambayo mwajiri wa Nairobi alikataa kuilipia.

Mathe alikataa. Hakutoa hotuba, alisema kliniki ziko huku na basi la ushago ni masaa manane. Yeye ndiye angeifanya ile kazi, na alilijua hilo.

Watu wakiuliza kuhusu kupona nyumbani, wanataka kujua kama mgonjwa alitembea lini. Kutembea kulikuwa rahisi. Kelele ndizo zilizotushinda. Ubongo uliogongwa unashindwa kuchuja sauti. Kila kitu kinaingia kwa nguvu moja, kijiko, mtoto, redio, honi. Sasa leta huo ubongo Jericho. Nganya zinapita na besi inayotikisa sufuria. Ijumaa kuna kesha, na spika zinaangalia kwetu. Tulining'iniza blanketi mlangoni, na leso mbili dirishani kwa sababu mwanga nao ulimuumiza. Dada yangu alienda kuongea na vijana wa nyumba ya tatu wenye sabufa. Walikuwa wamecheza mpira na kaka Camp Toyoyo. Walizima. Kanisa ndilo lilichukua muda, ilibidi mchungaji aje aone mwenyewe, aombe kwa sauti, aone kaka akiziba masikio na kulia. Kesha lililofuata spika ziligeuzwa.

Alilala sana mwanzoni, na wageni wakadhani ni uvivu. Kumbe usingizi ni sehemu ya matibabu. Pua ilikufa, mafuta ya taa yalimwagika karibu naye na hakusikia harufu, kwa hivyo hakuachwa peke yake na jiko tena. Kumbukumbu za zamani zilikuwepo zote, hadi jina la mwalimu wa darasa la tatu, lakini aliuliza saa ya chakula dakika tano baada ya kula. Mathe alinunua daftari. Kila asubuhi aliandika kwa herufi kubwa: LEO NI JUMANNE. DAWA YA ASUBUHI UMEKUNYWA. USITOKE PEKE YAKO. Jioni kaka aliandika alichofanya. Kurasa za mwanzo ni mstari mmoja, na mwandiko unapanda mlima.

Kisha hasira. Alimtukana mathe matusi ambayo sikujua anayajua, na baada ya saa moja hakuwa na habari. Mwezi wa nne alipata kifafa mlangoni, mbele ya watu, na mtaa ukaamua. Wengine walisema amerogwa, wengine amerukwa na akili, apelekwe Mathari. Hao wa Mathari niliwaelewa zaidi ya walivyojua. Mji huu una historia ndefu ya kutojua tofauti ya mgonjwa wa akili na mtu aliyegongwa kichwa, na hospitali yenyewe ilikuwa na mkono katika kuichanganya.

Pesa sitaziongelea sana. Mathe ana kibanda cha mboga. Alikifungua nusu siku. Chama kilichanga mara mbili. Bima ililipa kitanda cha hospitali, lakini kitanda cha Jericho hakikuwa na kadi. Sheria ya fidia kazini, ile ya wakoloni na hii iliyoibadilisha 2007, ina jedwali linalopimia viungo asilimia, kidole gumba kiasi hiki, jicho kiasi hiki. Nimelisoma kwa makini lote, ingawa halikutuhusu. Fundi wa jua kali hana mwajiri wa kudai, na nduthi haikuwa kazini kwake.

Kliniki tulienda kwa teksi tukipata, kwa sababu nganya mbili hadi upande wa pili wa mji zilimrudisha nyuma siku mbili. Daktari mmoja kijana huko alitueleza jambo ambalo tungelijua mapema lingetuokoa machozi: miezi sita ya kwanza mabadiliko huja kwa kasi, halafu yanapunguza mwendo, lakini hayasimami, hata miaka baadaye. Na kwamba mikono hukumbuka vitu ambavyo kichwa kimesahau.

Hilo la mikono tulilipima wenyewe. Mwaka wa pili, dada alileta kipande cha ngozi bandia, uzi na sindano kubwa, akaviweka mezani bila kusema neno. Kaka alivitazama kitambo. Akaanza kushona, mshono wa viti, ule wa kukunja mara mbili. Umenyooka kabisa. Alipomaliza akauliza, "Hii ni ya nani?" Hakukuwa na mwenyewe. Tulicheka wote, na yeye pia, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka jambo lililotokea siku hiyohiyo.

Sasa kuna chumba cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu. Ukizunguka Jericho, Maringo au Bahati utaviona vibanda hivyo kila mahali; tunaviita ekstensheni, na kaunti huviita majengo haramu inapokumbuka. Vingi ni vya kupangisha. Chetu kina cherehani, mito ya kuziba masikio aliyojitengenezea mwenyewe kwa masalio ya sponji, na ukuta uliobandikwa makaratasi ya boksi. Mathe ndiye huandika: nambari ya gari, rangi, vipimo, viti vingapi, amelipa ngapi, anarudi siku gani. Asubuhi kaka anasoma ukuta kabla ya kugusa uzi. Anafanya kazi masaa matatu, kichwa kikianza kuuma analala, na wateja wake wameshajua. Mmoja alimletea gari zima msimu uliopita. Alipokuja kuchukua alimsalimia kwa jina, kaka akamtazama, akageuka taratibu kwa ukuta, akatafuta, akasema, "Karibu. Wewe ni ile nyekundu, viti kumi na nne, umebakisha elfu mbili."